Anayechomelea Winchi Ndiye Huning'inia Kwanza

Ninyi vijana mliokuja juzi kunionyesha winchi ya kununua, ile ya rangi ya manjano yenye picha ya simba ubavuni, msidhani nilinyamaza kwa sababu ilinipendeza. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hindi la kuchoma mdomoni. Sasa nimemaliza. Kaeni, na anayechezea simu aiweke mfukoni, maana sirudii maneno.

Nina swali moja tu kuhusu winchi yenu. Aliyeitengeneza ni nani, na je, amewahi kuning'inia kwenye kamba yake? Hamjui. Basi tutaanzia hapo.

Mimi ni Régine. Hapa Likasi wengi wananiita Mama Treuil, kwa sababu treuil ndilo jina tunaloipa winchi, na kwa sababu kwa miaka mingi nilizitengeneza kwa mikono yangu na kuzishika kwa mikono hiyo hiyo, wakati mume wangu Ngoy akiwa juu ya mti na msumeno. Bega langu la kuume limekataa kazi sasa. Mdomo bado unafanya kazi, kama mnavyosikia.

Watu walituita wakata miti. Walikosea. Kukata mti hata upepo unaweza. Sisi tulikuwa tunashusha. Mitaa ya zamani ya mji huu imejaa miti iliyopandwa kabla hatujazaliwa, jakaranda na mikaratusi mirefu, na siku hizi chini ya kila tawi pana kitu cha mtu: paa la bati, waya wa umeme, ukuta wa kanisa, meza ya mama anayeuza unga. Ukiliacha tawi lianguke, umevunja maisha ya mtu. Kwa hiyo tawi lazima lishuke polepole, kama mtoto aliyelala anavyowekwa kitandani.

Winchi yenyewe si muujiza. Inafungwa kwa mnyororo chini kabisa ya shina. Ina bomba nene la chuma linalozunguka, tunaloliita ngoma. Pembeni mwa ngoma kuna mashavu mawili, visahani vya chuma vinavyozuia kamba isiteleze nje. Kuna mkono wa kuzungushia, kuna breki, na kuna gurudumu la meno lenye ulimi wa chuma unaoingia katikati ya meno ili mzigo usirudi nyuma. Kamba inatoka kwenye ngoma, inapanda mpaka kwenye kapi lililofungwa juu kwenye panda ya mti, kisha inateremka mpaka kwenye tawi linalokatwa. Aliye juu anakata, aliye chini anaupokea uzito na kuushusha. Mimi ndiye niliyekuwa chini.

Msifikiri tulizaliwa tunayajua haya. Winchi yetu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Ngoy alikwenda Kambove kumsalimu ndugu yake anayechimba, akawaona wachimbaji wakitoa mifuko ya mawe shimoni kwa gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, lenye mkono wa kuzungushia. Akarudi mbio. Hata baiskeli hakuiegesha, aliiacha ianguke uani.

"Régine! Nilisha kuona kintu ku Kambove! Na ile, kazi yetu inaisha kuwa raisi!"

Tukatengeneza gogo letu. Siku ya kwanza tulikwenda nalo kwenye jakaranda moja nyuma ya nyumba ya mwalimu. Kuvuta, gogo lilivuta vizuri kabisa. Ngoy akakata, tawi likakaa kwenye kamba, tukachekeana. Kisha nikajaribu kushusha. Mkono wa gogo ukanitoka, ukazunguka wenyewe kama umeingiwa na pepo, ukachomoka, ukaruka ukuta. Tuliukuta kwa jirani, umesimama wima katikati ya sufuria ya bukari, ugali wetu wa huku. Jirani yule alikuwa mtu wa utani, akatuuliza kama tumeleta mwiko.

Baba yangu aliposikia alikuja kuliangalia lile gogo. Alikuwa fundi wa vyuma katika karakana ya treni, mtu mfupi mwenye maneno mafupi. Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

"Bantu ba ku Kambove banapandishaka," akasema. "Mweye munashushaka. Haiko kazi moja."

Shikeni neno hilo. Kupandisha ni nguvu tu. Ukichoka, unafunga ulimi kwenye meno, unapumzika, unakunywa maji. Kushusha ni kuachia huku unashika. Mzigo unataka kwenda, na wewe unaukubalia kidogo, unaukatalia kidogo, na hakuna pahali pa kupumzikia mpaka ufike chini. Ndiyo maana gogo la Kambove linawafaa wao na sisi lilitutukana.

Kwa hiyo tukaanza upya, mimi na baba. Nilikuwa mtoto pekee nyumbani ambaye hakukimbia cheche, na tangu utotoni alikuwa amenifundisha kuchomelea, ingawa shangazi zangu walisema ananiharibia ndoa. Ngoma tuliitoa kwenye bomba la zamani la mgodini, tulilolikuta kwa wauza vyuma chakavu. Gurudumu la meno tulilitoa kwenye gia ya lori lililokufa. Ulimi tuliukata kwenye bapa la springi ya lori hilo hilo, maana chuma kile kinapinda bila kukata tamaa. Msichukue chuma chochote kwa sababu kinang'aa. Kigongeni, msikilize. Kinacholia ni kizima, kinachonong'ona kina ufa.

Kazi ilituchukua muda kuliko tulivyodhani, kwa sababu ya umeme. Ninyi mnajua umeme wetu. Mwadingusha, bwawa letu la umeme, ipo pale, maji yanaanguka usiku na mchana, na hata hivyo unawasha mashine ya kuchomelea, unafika katikati ya mshono, giza. Unakaa na kijiti chako cha kuchomelea mkononi. Umeme ukirudi, mkono wenyewe unataka kuendelea pale ulipoishia. Ndilo kosa letu, kosa la mafundi wa huku. Baba alinikamata siku ya kwanza tu nilipotaka kulifanya.

"Hapana," akasema. "Kama courant inakatika, usiendelee pale ulifika. Toa yote na meule, anza mupya."

"Lakini papa, ilibakia kidogo tu."

"Njo ile kidogo inauaka."

Meule ni ile mashine ya kusaga chuma. Nilinung'unika, nikausaga mshono wote, nikaanza upya. Alinieleza baadaye, tukila. Sehemu ya kwanza ya mshono imeshapoa na kuvaa ganda lake jeusi. Ukichomelea juu yake, kwa nje unaona mshono mmoja, mzuri, hata wa kupigia picha. Kwa ndani ni mishono miwili isiyojuana, na ganda jeusi limelala katikati yake.

Winchi ilipokwisha, nilitaka kuipaka rangi. Baba akasema rangi ingoje. Akaifunga kwenye shina la mti wa jirani, akapitisha kamba kwenye kapi, akamwita Ngoy, kisha akanigeukia mimi.

"Nani alichoma hii?"

"Ni minye, papa."

"Bon. Basi ni weye unapanda wa kwanza."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Alinifunga mikanda kiunoni na mapajani, akamwamuru Ngoy azungushe. Ngoy alikuwa mume mpya mwenye upendo mwingi, akakimbia kwanza ndani kuleta godoro letu la kitanda na kuliweka chini yangu, na mtaa mzima ukajua godoro letu lina matundu. Nikainuliwa kimo cha meza. Baba akanisukuma nikabembea. Nilimtukana Ngoy, nikaitukana treni ya baba, nikawaomba malaika wote. Lakini kadiri nilivyobembea, nilianza kusikia. Kila kitu kilichokuwa kikitokea kwenye ile winchi kilikuja kwangu kupitia kamba: ulimi ukikaa kwenye jino, breki ikiuma, mnyororo ukijikaza kwenye gome. Niliyajua yote kwa kiuno changu. Niliposhuka, nilijua winchi yangu ni nzima, na hakuna aliyehitaji kuniambia.

Hiyo ikawa sheria yetu. Anayechomelea winchi ndiye huning'inia kwanza. Haina msamaha. Nilipokuwa na mimba ya binti yangu Sifa, sikuchomelea. Tulimpa kazi fundi mmoja wa mjini, mtu wa suruali iliyopigwa pasi. Alileta winchi nzuri kama bibi harusi, imepakwa rangi tayari. Tukamwambia avae mikanda. Akaanza kutuambia habari za presha yake, na habari za mke wake, na ndoto aliyoiota. Ngoy akamsikiliza kwa heshima yote, akamfungia winchi yake kwenye baiskeli, akamsindikiza mpaka barabarani. Nikaendelea kuishika ile ya zamani, tumbo likiwa mbele yangu. Sifa alisikia sauti ya ulimi wa winchi kabla hajasikia sauti za watu.

Sasa mambo ya mkono, kabla sijasahau. Ukishika mkono wa kuzungushia, kidole gumba kiwe upande mmoja na wenzake, usikizungushe. Mkono ukikutoka, utatoka mtupu. Ukikizungusha, utaondoka nacho. Usisimame kwenye mstari wa kamba, simama pembeni. Ngoma isiwe na kovu hata moja, piga tupa mpaka kitambaa cha hariri kipite bila kushika, maana kovu dogo hula kamba kidogo kidogo, na siku ya kukatika halitakuarifu. Usiuamini mkaratusi wakati wa mvua: umejaa maji, tawi la mzigo mmoja lina uzito wa mizigo miwili, na hupasuka bila kulia kwanza. Na kapi usilifunge kamwe kwenye mti mgonjwa unaoukata. Tafuta mti mzima jirani yake, huo ndio ubebe.

Nina jambo moja la Ngoy ambalo lazima niwaambie, la sivyo mwisho hamtauelewa.

Ngoy alipanda pekupeku, haraka kama nyani, na mimi nilimpenda kwa hilo tangu tulipokuwa wachumba. Lakini kila alipofika kwenye panda, kabla hajakata chochote, alikuwa anakaa kimya na kunitazama. Kwa muda mrefu. Mteja yuko pale, jua linapanda, na yeye amekaa tu juu, macho chini. Mimi nilikuwa nampigia kelele.

"Ngoy! Unaangaria nini? Kata!"

"Naangaria treuil," ananijibu.

Kila mti, jibu ni hilo hilo. Na mimi liliniuma. Mwanzoni nilicheka, baadaye liliniuma kweli. Nilijua watu wanavyosema: mwanaume gani anaweka uhai wake kwenye mkono wa mwanamke? Nikadhani hata yeye, moyoni, anasema hivyo. Anaikagua mikono yangu. Anahakikisha sijalala. Nimeshusha mti baada ya mti, sijawahi kumwangushia mtu hata kigae, na bado mume wangu mwenyewe ananichunga kutoka juu. Sikumuuliza. Kiburi kilinizuia. Kisha mapafu yakamshika, akawa hawezi kupanda hata ngazi ya mlangoni, akafa kitandani kwetu, si juu ya mti. Nilimlilia sana, na katikati ya kulia kwangu jambo hilo lilikuwepo bado, kama mwiba ulioachwa kwenye nyama.

Kazi ikabaki kwa Sifa. Yeye anachomelea kuliko mimi, nalisema mbele ya watu wote. Akaolewa na Jérémie, ambaye anapanda, na kwa hiyo mambo yakaendelea kama yalivyokuwa: mume juu, mke chini.

Msimu huu wa mvua uliopita, Mama Bernadette, yule anayeuza samaki wa kukaushwa, alikuja kwetu mbio, hata kitambaa chake cha kichwa kilikuwa mkononi. Nyuma ya nyumba yake kuna mikaratusi miwili. Mmoja ulikuwa umepasuka shina baada ya dhoruba na ulikuwa umeinamia paa. Ndani ya nyumba ile kuna yeye, binti zake na wajukuu. Jérémie aliuangalia, akarudi uso umebadilika. Kila upepo ukivuma, ufa unafunguka na kufunga, alisema, kama mdomo.

Winchi yetu ya zamani haikutosha kwa mti ule. Sifa alikuwa anatengeneza mpya, kubwa, na alikuwa karibu kuimaliza. Akaimaliza haraka. Tukaifunga kwenye mkaratusi mzima, tukapandisha kapi, na hapo tukatazamana, kwa sababu Sifa alikuwa na mimba kubwa. Mikanda ingepita wapi?

Jérémie alikuwa tayari amejaza mifuko mchanga. Akaining'iniza, akaishusha, akaipandisha. Winchi haikutingishika.

"Mama, inatosha," akaniambia kwa adabu, macho yake pembeni. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hamgusi. Jérémie amelelewa vizuri. "Mifuko iko na kilo kunipita. Mvua inakuya. Tuanze."

"Mufuko ilikuambia nini?" nikamuuliza.

"Mufuko?"

"Ndiyo. Ilishuka, ikakuambia nini?"

Akaigeukia mifuko yake. Nikasema nileteeni mikanda ya Ngoy.

"Mama!" Sifa akashika kichwa. "Weye iko muzee!"

"Ni nani alikuambia minye niko mutoto? Ule mukono ulichoma hii kintu, ni nani aliufundisha? Basi ni mukono yangu. Leta mikanda."

Majirani wakaja, kama kawaida ya mtaa ukisikia kuna kichekesho. Mama Bernadette akaniombea, maombi marefu ya nguvu, ameniwekea mkono kichwani, na watoto wakaitikia amina pale pasipostahili. Sifa akanifunga mikanda. Jérémie akazungusha, Sifa akashika breki, na mimi nikaenda juu kimo cha meza, miguu ikining'inia, mtandio umenifunika jicho moja. Watu walicheka. Nami nilicheka.

"Sasa nisukume," nikasema.

Jérémie akaganda. Atamsukumaje mama mkwe? Akatazama huku na huku, akaokota tawi refu, akanisukuma nalo mgongoni kama mtu anayemwondoa mbuzi shambani. Mtaa ukaanguka kwa kicheko. Nikabembea kwenda, nikabembea kurudi, na hapo kicheko kikaniishia.

Tik.

Si kwa masikio. Kiunoni. Kila nilipobembea upande wa kuume, kamba iliniletea kitu kidogo, kama ukucha unaogonga sahani. Mifuko ya mchanga ilikuwa imening'inia wima tu, na tawi la mti halining'inii wima, linabembea. Nikasema nishusheni. Nikamwambia Sifa pembeni, si mbele ya watu.

"Shavu ya kuume. Iko nalia."

Binti yangu hakubisha. Alitazama chini, akajibu kwa sauti ndogo.

"Courant ilikatika pale nilikuwa nachoma. Ilibakia kidogo tu, mama."

Sikumgombeza. Yeye mwenyewe alikwenda kuchukua meule, akausaga ule mshono, na ndani yake tukauona wote watatu: uzi mweusi, mwembamba, umelala pale mishono miwili ilipokutana, na kutoka kwenye uzi huo ufa ulikuwa umeshaanza safari. Jérémie aliupapasa kwa kidole. Kisha akakaa chini kwenye majani, mtu mzima yule, akashika magoti yake. Sifa alilia kwa hasira. Nilimwacha alie, halafu nikampa vijiti vya kuchomelea.

Kabla hajawasha mashine, umeme ukakatika. Upepo haukukatika. Tulimhamishia Mama Bernadette na watu wake kanisani, na vitanda na sufuria na samaki wote, kanisa zima likanuka samaki na mchungaji akavumilia. Watu walianza kutuambia tufunge hata waya pale kwenye shavu, tuanze kazi, Mungu ataona. Jérémie mwenyewe, ambaye ndiye angekuwa juu, alisema hapana kabla yangu. Tukangoja. Kesho yake mchana umeme ukarudi. Sifa alikuwa amekaa karibu na mashine wakati wote, hata chakula alikilia pale. Akachomelea mshono ule wote kwa pumzi moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, tumbo lake limeegemea meza, na alipoinua kioo cha usoni umeme ulikuwa bado unawaka.

Mwisho wa mti huo nitawaambia sasa hivi ili roho zenu zitulie. Ulishuka wote, kipande kwa kipande, Jérémie juu na Sifa kwenye breki, ndugu zake Jérémie wakizungusha. Paa la Mama Bernadette halikupata hata mkwaruzo. Anapikia kuni za mkaratusi ule mpaka leo, na bado ananiletea samaki.

Na winchi yenu ya simba, ileteni Jumamosi. Kama aliyeitengeneza yuko mbali, mmoja wenu ataning'inia badala yake, na mwingine atamsukuma. Anayesema ana presha abaki nyumbani.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za siku ile ya pili, baada ya mshono kupoa. Sheria ni sheria, nikavaa mikanda tena. Nikainuliwa kimo cha meza, Jérémie akanisukuma na tawi lake, nikabembea kuume na kushoto. Kimya. Kamba ilikuwa tulivu kama mtoto aliyeshiba. Sifa akauliza kama anishushe.

Sijui nini kilinishika. Maisha yangu yote nilikuwa nimekaa chini ya miti nikitazama juu. Nikasema, "Pandisha."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka ku kapi."

Wakabishana chini yangu, sikuwasikiliza, nikarudia tu neno lile lile mpaka Jérémie akaanza kuzungusha. Nikapanda. Shina jeupe likapita mbele ya uso wangu, gome likibanduka vipande vipande, harufu ya majani ikazidi. Nikafika kwenye panda, nikaikumbatia.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mti unatembea. Ukiwa chini unaona nguzo. Ukiwa juu, unakwenda na kurudi, na kila kitu kinakwenda na wewe: mabati, waya, msalaba wa kanisa, kilima cha upande wa Kambove, yote yanainama na kuinuka. Kichwa kikawa chepesi, mikono ikaanza kutoa jasho, nikajua nikiendelea hivi nitaanguka ndani ya mikanda yangu mwenyewe. Nikatafuta kitu kimoja, kimoja tu, kisichotembea.

Nikakiona chini kabisa, mguuni mwa mti. Winchi. Na pembeni yake mtu mmoja, miguu imeachana kama nilivyomfundisha, mkono kwenye breki, uso umeinuka. Vingine vyote viliyumba, yule hakuyumba. Nikaweka macho yangu pale, nikayaacha pale, na polepole kichwa kikatulia na mikono ikakauka.

Nililia kule juu, sioni haya kulisema. Mume wangu hakuwa akinichunga.

"Mama!" Sifa akaita kutoka chini. "Unaangaria nini?"

"Naangaria treuil," nikamjibu.

Akangoja, mkono kwenye breki. Nikakaa pale mpaka moyo wangu ulipotosheka, kisha nikamwambia anishushe.